Bega la Ukumbi

Kumwonea wivu mtu aliye hai ni ugonjwa wa kawaida, na una dawa zake. Utamsengenya, utamnyima salamu, na ukibahatika utamshinda siku moja ukapona. Lakini kumwonea wivu marehemu! Marehemu hazeeki, haoti kitambi, hakoromi, hagombani na mtu asubuhi kwa sababu ya soksi. Utamshindaje? Sasa mzee mmoja, msanifu majengo mstaafu aliyejulikana mji mzima kwa jina la Mraba, ndiye aliyejitwika mzigo huo. Alimwonea wivu marehemu, tena pamoja na paa lake.

Jina la Mraba alipewa kazini tangu ujana, kwa kuwa kila alichochora kilikuwa na pembe nne. Zahanati, madarasa, nyumba za walimu, vyoo vya stendi: mraba, mraba, na akichangamka sana, mstatili. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza katika ofisi ya ujenzi ya serikali, na ukimtania juu ya pembe zake alikuwa na jibu moja tu, alilitoa huku amekunja mikono kifuani. "Nionyeshe moja inayovuja." Na kweli, hukuwa na pa kumpeleka. Majengo yake hayakuvuja. Wala hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele ya jengo lake hata moja akapiga picha.

Aliyepigiwa picha ni mwenzake. Walianza kazi pamoja, ofisi moja, chumba kimoja. Huyu alivaa skafu shingoni hata miezi ya joto, kwa hiyo Mraba akamwita Skafu, na hakuwahi kumwita kwa jina lingine mpaka anazikwa. Skafu alichora jengo moja tu la maana maishani mwake, ukumbi wa muziki wa mji, na hilo moja likamtosha. Paa lake lilikuwa la zege, la matao, tao baada ya tao, kila moja limeinama taratibu kutoka juu hadi ukingoni, na mtu akiliona mara ya kwanza hunyamaza kidogo. Likatiwa kwenye stempu, kwenye kalenda ya manispaa, kwenye majalada ya madaftari ya shule. Mraba alinunua madaftari hayo kwa ajili ya watoto wake mwenyewe. Alivumilia. Usisafirie nyota ya mwenzio, alijiambia, akaendelea na vyoo vyake.

Kilichommaliza uvumilivu ni habari ya mkewe.

Mkewe, Mama Pacha, ujanani alikuwa mpiga chapa wa ofisi ileile. Meza yake ilikuwa mbele karibu na dirisha, na wachoraji walikaa nyuma yake, Skafu upande huu, Mraba upande ule, kila mmoja na ubao wake wa kuchorea. Skafu aliwahi kumpa lifti mara kadhaa kwenye gari lake dogo, na watu wakasema yale ambayo watu husema. Kisha akaenda ng'ambo kusoma, akarudi na mke, na mambo yakaishia hapo. Mraba akaposa, akaoa, wakapata pacha, pacha nao wakawaletea wajukuu. Kila kijicho cha zamani kilipomtekenya, alijikanda kwa methali: mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Basi ikawa, mwaka mmoja kabla ya kufa, Skafu akahojiwa redioni. Mtangazaji akamuuliza mstari ule wa paa aliutoa wapi. Skafu akacheka kile kicheko chake cha kikohozi, akasema aliutoa kwenye bega la binti. Binti mpiga chapa, alikaa mbele yake ofisini, yeye kila siku anaona bega tu limeinama kwenye mashine, na siku moja akashika penseli akalichora. Akaenda na mchoro ule ng'ambo, akarudi nao, akaujenga. Jina hakulitaja. Alitaje ili iweje? Ofisi ile ilikuwa na mpiga chapa mmoja tu.

Mama Pacha alikuwa jikoni, redio iko dirishani, na Mraba yuko mezani anasubiri chakula. Alimwona mkewe amesimama na mwiko hewani, haukorogi, haushuki.

"Umemsikia?" akauliza Mama Pacha.

"Nani?" akasema Mraba, na masikio yake yamekwisha kuwaka moto.

"Kumbe mtu anaweza kukutazama wakati wote huo, nawe usijue." Akarudi kwenye sufuria, anatabasamu peke yake. Chakula siku hiyo kiliungua kidogo, na hakuomba radhi.

Toka hapo, mwanamke mwenye wajukuu akaanza kunyoosha mgongo. Akajiunga na kwaya ya akina mama iliyofanya mazoezi, wapi tena, ukumbini, kila Alhamisi. Akatoa hereni ambazo Mraba hakumbuki mara ya mwisho alizivaa lini. Mtandio uliokuwa wa kujikinga na vumbi sasa ukawa unateleza mpaka kwenye kiwiko, bega moja nje, na mwenyewe anamwagilia maua tu! Akatundika sebuleni kalenda ya manispaa yenye picha ya ukumbi. Mwaka ukaisha, kalenda haikutoka.

"Tarehe zake zimepitwa," Mraba akamwambia.

"Kwani mimi natazama tarehe?"

Jamani, wivu! Skafu alipokufa Mraba alidhani atapumua. Wapi! Mkewe alikwenda mazishini amevaa hereni zilezile, akarudi macho mekundu, na marehemu akawa ndiyo kwanza amehamia nyumbani kwao. Mraba akawa hali vizuri. Akitazama bega la mkewe, lile lile alilolala karibu nalo tangu ujana, analiona kama kitu cha kuazima, chenye jina la mwenyewe chini yake.

Alhamisi moja akamfuata. Mtu mzima na mvi zake, anajibanza nyuma ya nguzo kama mwizi wa kuku! Mama Pacha akaingia mazoezini, na Mraba, kabla hajaamua aelekee wapi, akajikuta katikati ya kundi la wageni waliokuwa wanatembezwa. Aliyewatembeza alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mnene mwenye sauti ya darasani, aliyepewa kazi ya kueleza watu historia ya ukumbi. Mji ulimwita Redio, na hakuwa redio ya kuzimwa.

"Tazameni juu," akasema Redio. "Mnafikiri lile ni zege, sivyo? Basi si zege lile. Ni bega."

"Aaa!" wakasema wageni.

Redio akamwaga hadithi yote, na chumvi alitia ya kutosha kapu zima. Eti kijana alikuwa halali. Eti penseli ilikuwa inamtetemeka mkononi. Eti alikwenda ng'ambo kukimbia mapenzi, na mapenzi yakamfuata ndani ya sanduku. Mwanamke mmoja kati ya wageni alitoa leso akafuta macho.

"Na yule binti?" akauliza. "Aliishia wapi, maskini?"

"Ah, binti." Redio akapunga mkono. "Inasemekana aliolewa na mtu mmoja tu wa kawaida. Mchora vyoo."

Wageni wakaangua kicheko. Na Mraba naye akacheka, angefanyaje? Akinyamaza peke yake si watamjua? Alicheka mpaka mate yakampalia, na yule mwenye leso akawa anampigapiga mgongoni.

"Vyoo vile havivuji," alisema alipopata pumzi.

"Unasemaje, baba?"

"Sikusema kitu."

Mungu si wa mtu mmoja. Masika yaliyofuata yalikuwa makali, na paa la ukumbi likaanza kuvuja. Kwanza tone, kisha ndoo, kisha kipande cha plasta kikaanguka kwenye viti vya mbele, bahati hapakuwa na mtu. Mkurugenzi wa manispaa akamwita Mraba ofisini. Akamwambia: mzee, katika kizazi kile umebaki wewe tu unayejua majengo yalivyojengwa. Katuangalizie. Ukisema litengenezwe, tutalitengeneza. Ukisema limekwisha, tutabomoa paa tuweke la bati, yaishe. Neno lako ndilo tutakalolifuata.

"Nitaangalia," akasema Mraba, uso wake wa msiba kabisa. Moyoni alikuwa anacheza ngoma.

Akafika nyumbani hata viatu hajavua. "Paa la mtu wako linavuja."

"Mtu wangu nani?"

"Linavuja," akarudia, na neno lenyewe alilimung'unya kama peremende. "Nimeombwa nikaseme kama libomolewe."

Mama Pacha akaketi. Akamtazama mumewe, si kwa hasira, na afadhali ingekuwa hasira. "Baba Pacha, usilibomoe. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa."

Hapo ndipo alipoharibu, maskini, bila kujua. Maana ni kweli, hakuwahi kuomba. Walipohamishwa wilayani wakapewa nyumba ya vyumba viwili na pacha wachanga, hakuomba. Mraba alipoacha kumpeleka popote, hakuomba. Leo anamwombea nani? Skafu! Mraba akaitikia tu kwamba atasema ukweli, lakini sentensi ya mwisho ya ripoti yake ilikwisha kujiandika kichwani kabla hajapanda hata ngazi moja. Paa halitengenezeki. Alitaka mkewe ainue macho Alhamisi aone bati. Bati tupu, lenye misumari.

Basi siku ya ukaguzi mafundi wakamsimamishia jukwaa la mabomba ndani ya ukumbi, akapanda polepole na tochi na utepe wake wa kupimia. Mafundi akawaambia wakapumzike, hakutaka mtu wa kumtazama usoni. Alipofika juu chini ya tao la kwanza, akaona mahali plasta ilipoanguka. Zege lilikuwa wazi, na juu yake zilionekana alama za mbao zilizotumika wakati wa kulimwaga, mpaka nyuzi za mbao zinahesabika. Katikati ya alama hizo palikuwa na duara dogo, na kulizunguka, vidoti vinne.

Mraba akaligusa kwa kidole. Akalimulika. Akaketi kwenye ubao wa jukwaa.

Duara lile alikuwa analijua. Alilichora mwenyewe.

Siku zile za ujana, kabla ya ukumbi, ofisi yao ilijenga tangi la maji la mji, lile la mlimani. Mraba alilichora la pembe nne, angelichora vipi kwingine, na mkubwa wake akamrudishia ramani: maji yakijaa husukuma, na pembe ndizo hupasuka kwanza, chora duara. Akachora duara, kwa kinyongo, mara moja katika maisha yake. Akachora pia kalibu za mbao zilizopinda za kumwagia zege la ukuta wa ndani. Bomba la kupunguza maji lilihitaji tundu katika kalibu moja, na mahali pasipohitaji bomba tundu hilo lizibwe kwa kibao cha duara, chenye bolti nne. Mafundi walinung'unika kwamba ni kazi bure. Yeye akashikilia bolti nne.

Akasimama. Akapima upana wa tao, akapima kina chake, akapiga hesabu kwa penseli kwenye kiganja cha mkono. Nusu kipenyo cha tao kilikuwa kilekile cha tangi, bila kuzidi wala kupungua. Hakukuwa na la kubishania. Tangi lilipokwisha, kalibu zilibaki zimelala kwenye yadi ya ofisi. Skafu akarudi kutoka ng'ambo, na baadaye akapewa ukumbi na fedha kiduchu, na Mraba wakati huo yuko wilayani anajenga madarasa. Skafu akazikuta mbao zimekwisha kupinda, tayari, za bure. Akazilaza ubavu, akaziinua juu ya nguzo, akamwaga zege. Kisha akasubiri azeeke aje aseme redioni kwamba ni bega.

Mafundi kule nje wakasikia mzee anacheka peke yake juu ya jukwaa, wakatazamana.

Na hebu fikiri, hapo ndipo Mraba alipolitazama paa lile kwa mara ya kwanza bila kijicho. Lo! Lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri kupita kiasi. Mstari ule ulivyoanguka, hauna haraka, hauna woga! Alisogea na tochi tao hadi tao, anapapasa, anatikisa kichwa. Mtu gani mwenye akili timamu angebomoa kitu kama hiki? Na kuvuja kwenyewe kulikuwa kitu gani? Mfereji kati ya tao na tao ulizibwa na majani, maji yakakosa pa kwenda, basi. Asubuhi moja ya mafundi wawili na koleo. Alishuka chini, akaenda kumwambia mkurugenzi kwamba paa hili lihifadhiwe kwa hali yoyote, ni urithi wa taifa. Ukitaka kujua binadamu ni nini, mpe kitu kisha umwambie ni chake.

Lakini hakumweleza mkurugenzi habari ya tangi. Habari hiyo ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa nyumbani.

Alimkuta Mama Pacha anapiga pasi vazi lake la kwaya. Mraba aliingia na vumbi la zege kichwani, kiganja kimejaa tarakimu.

"Halibomolewi," akasema.

Pasi ikasimama. "Ahsante, mume wangu. Mungu akuweke."

"Ngoja. Hujasikia." Akavuta kiti karibu na meza ya pasi, na yote aliyoyabeba miaka ile, lifti za gari dogo, stempu, kalenda, mchora vyoo, yakamjia kooni kwa pamoja, safari hii yakiwa matamu. "Hakuna bega."

"Unasemaje?"

"Bega hakuna! Alikudanganya, aliwadanganya wote. Ni tangi. Tangi la maji la mlimani, lile langu. Alichukua kalibu zangu yadini akazilaza ubavu. Nimeona alama zangu, nimepima, tazama." Akamwonyesha kiganja. "Skafu hakuchora kitu. Hakutazama bega la mtu. Aliona mbao za bure! Mstari ule ni wangu, Mama Pacha. Stempu, kalenda, kila kitu. Ni wangu mimi."

Akamaliza, anahema. Alikuwa ameshinda. Alimng'oa marehemu nyumbani kwake kwa mikono yake mwenyewe, na sasa alikaa akingoja alipwe.

Mama Pacha akazima pasi ukutani. Kisha akaketi upande wa pili wa meza, na polepole, Mraba akaona kitu kinamjia usoni, kilekile alichokionea wivu tangu siku ya mwiko hewani. Ila leo kilikuwa kimemgeukia yeye.

"Tangi hilo ulilichora lini?"

"Mwaka ule kabla hatujaoana."

"Ofisini palepale."

"Palepale."

"Na mimi nimekaa mbele yako."

"Mbele yangu, ndiyo. Karibu na dirisha."

Mama Pacha akainama kidogo mbele, mikono juu ya meza. Sauti yake ikawa ndogo, ya msichana kabisa. "Ulipokuwa unauchora mstari ule, ulikuwa unafikiria nini?"

Ewe Mraba! Ewe mwana wa watu! Mlango umefunguliwa, taa imewashwa, unaambiwa karibu. Neno moja tu, baba. Hata kama si kweli, nani atakushtaki? Skafu alisema uongo mmoja redioni, na mwanamke huyu akaishi juu yake miaka kadhaa. Wewe uko hapa hapa, umemkalia mkabala. Sema "wewe." Sema!

Lakini huyu hakuwahi kuchora mstari usiokuwepo. Aliulizwa swali, akalichukulia kama swali. Akakunja uso, akarudi kwa uaminifu wote mpaka kwenye ubao wake wa ujana, akatafuta, akapata.

"Maji," akasema. "Nilikuwa nafikiria maji. Uzito wake. Unajua yakijaa yanasukuma, sasa ukiweka pembe, pembe ndiyo..."

Akasita. Mkewe alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa upole, kama mtu anayesikiliza mtoto akisimulia ya shuleni. Kisha akasimama, akalikunja lile vazi la kwaya kabla halijapigwa pasi upande wa pili.

"Kumbe hata yeye hakuwa ananitazama," akasema.

Mraba alingoja aongeze, "wala wewe." Hakuongeza. Hilo mkewe alikuwa analijua siku nyingi.